Gari jipya la umeme la mizigo: lipimeni kwenye mlima wenu kabla ya kulipia

Swali: Kikundi chetu cha wafugaji kiko Kibosho, Moshi. Tunataka kununua gari dogo jipya la umeme la magurudumu manne, lile ambalo bodi yake hubadilishwa: leo karia ya mizigo, kesho sanduku la maziwa, siku nyingine viti. Muuzaji yuko Arusha. Karatasi yake inasema gari lina kilo 480, linabeba kilo 500, mota ni kilowati 4, betri ni ya lithiamu volti 72 ampea-saa 100, na chaji moja inakwenda kilomita 120. Tutashusha ndizi na maziwa mjini na kurudi na pumba na saruji, safari mbili kwa siku. Ametupa siku moja ya kulijaribu. Tulipime vipi?

Jibu: Mama, siku hiyo msikubali iishie kwenye lami ya Arusha. Mwambieni muuzaji alipakie kwenye lori alilete Moshi, na majaribio yote yafanyike kwenye njia yenu, likiwa na mzigo wenu. Tena mliangalie zaidi likishuka kuliko likipanda. Kupanda kukishindikana gari litasimama tu na mtalirudisha. Kushuka kukishindikana kuna watu na ng'ombe barabarani.

Kabla ya siku yenyewe, ipimeni karatasi. Betri ya volti 72 ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma kwa kawaida ina seli 24 za volti 3.2, jumla volti 76.8. Zidisheni kwa ampea-saa 100 mpate wati-saa 7,680, ambazo ni yuniti 7.7 za LUKU (yuniti moja ni wati-saa 1,000). Kilomita 120 kwa yuniti 7.7 ni yuniti 0.064 kwa kilomita, na kiasi hicho kinawezekana gari likiwa tupu, njia tambarare, mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, kilitengeneza gari la umeme la mizigo kwa ajili ya vijiji vya Afrika, aCar, likajaribiwa Ghana mwaka 2017. Lilibeba tani 1, lilikuwa na mota mbili za kilowati 8 na betri ya yuniti 20, na wahandisi wake walitangaza kilomita 80. Hiyo ni yuniti 0.25 kwa kilomita. Ni gari kubwa kuliko lenu, lakini pengo la namna hiyo linatosha kuwaonyesha kwamba namba ya muuzaji ni ya gari lisilofanya kazi.

Sasa njia yenu. Kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni, mjini Moshi, tuchukue kilomita 15 na mteremko wa mita 500 hivi. Gari la kilo 480, dereva wa kilo 70 na mzigo wa kurudi wa kilo 250 ni kilo 800. Kuziinua kilo 800 kwa mita 500 kunadai yuniti 1.1. Msuguano wa tairi kwenye mchanganyiko wa lami na vumbi utakula kama 0.7, upepo 0.25. Jumla inakaribia 2.05, na kwa kuwa mota, kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) na gia hupoteza kama moja ya tano, betri itatoa yuniti 2.6. Kushuka kutatumia kidogo, tuseme 0.3 hadi 0.4. Kwa hiyo safari moja ya kwenda na kurudi ni yuniti 3, na mbili ni 6. Betri hiyo haifai kutumika mpaka sifuri, na nitaeleza hapa chini kwa nini asubuhi isiwe imejaa kabisa. Kati ya asilimia 90 na 15 mna yuniti 5.8 tu. Betri haitoshi kwa safari mbili hata ikiwa mpya, na baada ya miaka michache, ikishapungua kwa asilimia 20, mtabaki na 4.6. Ombeni ampea-saa 150, au nafasi ya betri ya pili, au kubalini kuchaji mchana. Kama hayo matatu hayawezekani, gari hili ni la safari moja, na bei ijadiliwe hivyo.

Siku ya majaribio andaeni hivi. Azimeni mifuko 10 ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila mfuko ni kilo 50, kwa hiyo mzigo wenu utakuwa kilo 500 bila kubishana na mtu. Ulizeni kwanza kama hizo 500 za karatasi ni pamoja na watu. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na dereva na utingo wakipanda, mzigo halali unabaki kilo 360. Chukueni pia futi ya kupimia, kopo dogo la rangi nyeupe na brashi, ubao wa mita 1, pima-maji, mita ndogo ya umeme ya kuchomeka kati ya soketi na chaja, na kama mtaipata, ile bunduki ya kupimia joto kwa mwanga.

Ubao na pima-maji ni kwa ajili ya mlima. Tafuteni kipande kikali kuliko vyote kwenye njia yenu, lazeni ubao kuelekea juu, inueni ncha ya chini mpaka pima-maji iwe sawa, kisha pimeni nafasi iliyobaki chini ya ncha hiyo. Sentimita 15 ni mwinuko wa asilimia 15. Gari la kilo 1,050 likiwa na mzigo, kwenye mwinuko huo, njia ikiwa ya vumbi, linahitaji kama kilowati 7.6 kwenye magurudumu ili liende kilomita 15 kwa saa. Mota ya kilowati 4 hutoa zaidi ya hapo kwa muda mfupi tu, dakika moja au mbili, kisha kontrola huipunguza ili isiungue. Ikishapunguzwa, mtapanda kwa kilomita 6 au 7 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni muuzaji kuwaambia litapanda kama guta la petroli.

Simameni katikati ya mlima huo, vuteni breki ya mkono, subirini dakika 5, halafu ondokeni. Rudieni mara tatu mfululizo. Likirudi nyuma zaidi ya nusu mita kabla ya kushika, au likizimika, andikeni. Kuzimika ghafla mlimani mara nyingi si mota. Ni BMS, ile saketi inayolinda betri. Kilowati 8 zikitoka kwenye betri ni ampea kama 115, betri ikiwa imelemewa. BMS iliyowekwa kukata kwenye ampea 100 itakata, hata kama betri ni nzima kabisa. Ulizeni kikomo chake. Kwa mlima wenu kisipungue ampea 150. Mkifika juu, elekezeni bunduki ya joto kwenye ganda la mota, kwenye kontrola na kwenye vichwa vya nyaya nene. Ganda la mota likizidi nyuzi 90, au kontrola ikizidi 75, hakuna nafasi ya ziada kwa siku ya jua kali. Kichwa cha waya kilicho na joto kuliko waya wenyewe kimelegea au kimebanwa vibaya, na hapo ndipo moto huanzia.

Kama mota imo ndani ya gurudumu, bila gia, msiendelee. Kwa mlima wa asilimia 15 gurudumu la nusu kipenyo sentimita 30 linahitaji mkazo wa kulizungusha wa kama niutoni-mita 550. Gia ya 10 kwa 1 inaipunguzia mota kazi hiyo hadi 60 hivi. Mota ya ndani ya gurudumu inabeba yote peke yake, ikizunguka polepole, na umeme mwingi unageuka joto.

Sasa mteremko, ambao kwenu ndio moyo wa jambo. Magari ya umeme hupunguza mwendo kwa breki ya mota: mota hugeuka jenereta na umeme hurudi kwenye betri. Kwa mtu wa mjini Moshi, anayechaji chini na kupanda, mfumo huu ni mzuri. Ninyi mnachaji juu. Usiku betri inajaa, asubuhi mnapakia ndizi na kuanza kushuka mara moja, na betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo. Seli za fosfati ya chuma zikifika volti 3.65 BMS hufunga mlango. Kontrola nzuri hupunguza breki ya mota taratibu na kumjulisha dereva. Kontrola mbovu huiacha ghafla, katikati ya kona, na dereva aliyezoea kuachia tu kanyagio anakuta gari linakimbia.

Kazi yote hapo inaangukia breki za kawaida. Kipande cha kilomita moja na nusu kinachoshuka mita 150, gari likiwa na kilo 1,050, kinaacha nguvu ambayo ikiingia yote kwenye ngoma nne za breki za kilo 3 kila moja inaweza kuzipandisha joto kwa nyuzi 200. Ngoma ikipata joto hilo hupanuka, breki shuu hupoteza mshiko, na kanyagio hushuka chini zaidi kila mkikanyaga.

Kwa hiyo jaribio lenu muhimu kuliko yote ni hili: chajini mpaka asilimia 100, pakieni mifuko 10, shukeni mteremko wenu mkali mara mbili mfululizo kwa kilomita 20 kwa saa, dereva awe wa muuzaji anayelijua gari, na mtu atangulie kwa pikipiki kusafisha njia. Mkifika chini dondosheni tone la maji kwenye kila ngoma. Likichemka na kuruka papo hapo, imepita nyuzi 100. Linganisheni magurudumu ya kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa wa moto sana na mwingine baridi, breki hazivuti sawa na siku ya utelezi gari litageuka. Kisha, ngoma zikiwa bado na joto, mfike kwenye lami iliyonyooka, mfikishe kilomita 30 kwa saa na mfunge breki. Likizidi mita 10 kabla ya kusimama kwenye lami kavu, likataeni mpaka breki zibadilishwe. Malizieni kwa breki ya mkono: gari na mzigo wake vikae robo saa kwenye mwinuko ule mliopima, bila jiwe chini ya tairi.

Hata likifaulu, tabia ya kazi iwe kuanza kushuka betri ikiwa asilimia 85 hadi 90. Ulizeni kama chaja inaweza kuwekewa kikomo; kama haiwezi, swichi ya saa inatosha. Mara moja kwa wiki, usiku wa kuamkia siku ambayo gari halishuki, ijazeni kabisa ili BMS ipate nafasi ya kusawazisha seli. Na maneno ya kwamba mteremko utawachajia betri yapunguzeni: sehemu kubwa ya nguvu ya kushuka inaliwa na tairi na upepo, na mtakachorudishiwa kwa safari ni chini ya nusu yuniti.

Bodi za kubadilisha zinaleta faida ya kweli kwa kikundi, maana gari moja linafanya kazi za matatu. Lakini kila kiungo kinachofunguka ni kiungo kinachoweza kulegea, na barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati hukilegeza mapema. Kabla ya kuanza safari, chukueni futi na mpime chesisi kwa mshazari, kutoka tundu la bolti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha upande wa pili. Andikeni. Halafu kwa brashi pigeni mstari mwembamba wa rangi unaovuka nati, washa na chuma kilicho chini, kwenye kila bolti inayoshika bodi, mota na springi. Mwisho wa siku pimeni tena. Mishazari ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5 kuliko asubuhi, fremu imepinda. Mstari wa rangi ukikatika, nati imezunguka, hata kama kwa mkono inaonekana imekaza.

Angalieni bolti zenyewe. Kichwani ziwe na alama 8.8. Za M10 (unene wa milimita 10) hukazwa kwa niutoni-mita 45 hadi 50 na za M12 kwa 80 hadi 85, kwa spana ya kupimia mkazo. Nguvu ya bega la fundi haihesabiki hapa. Nati ziwe za kufunga zenye plastiki ndani, na zikifunguliwa mara kadhaa zibadilishwe, kwa hiyo muuzaji atoe angalau seti mbili za akiba. Fungueni bodi moja na muangalie matundu: tundu lililoanza kuwa na umbo la yai kwenye gari jipya linamaanisha bodi ilikuwa inacheza. Mkiweza, chagueni fremu ya chuma. Ya alumini ni nyepesi, lakini ikipasuka fundi wa kuchomea wa kawaida hataiunga kwa fimbo zake, na pale alumini inapogusana na bolti za chuma bila washa ya plastiki au rangi, mvua za masika zitaila.

Badilisheni bodi wenyewe, watu wawili, bila fundi wa muuzaji kusaidia. Ikizidi nusu saa, hamtaibadilisha. Gari litabaki na bodi moja na fedha ya zile nyingine imepotea. Plagi ya taa za nyuma iwe ya kuingia kwa njia moja tu. Na sanduku la maziwa lijazwe madumu ya maji mlipime kwenye kona: maziwa hucheza ndani ya dumu lisilojaa na huvuta gari upande. Mikungu nayo isipangwe lumbesa. Ikipita kimo cha dereva, hata magurudumu manne hayatawaokoa kwenye kona iliyoinama nje.

Kuchaji: chaja ya ampea 20 inavuta kama kilowati 1.7 hadi 1.8 na itachukua saa 5 hivi. Tumieni laini yake yenyewe kutoka kwenye kikata umeme, waya wa milimita 2.5 za mraba, na ethi inayofanya kazi. Ekstensheni iliyokunjwa kama kamba huyeyuka. Nyumba iliyo mwisho wa laini ya TANESCO jioni hupata umeme mdogo, na chaja nyingi hukata ukishuka sana chini ya volti 190, kwa hiyo ijaribuni saa 2 usiku watu wakipika na taa zikiwaka, tena nyumbani kwenu. Baada ya majaribio mita ndogo itawaambia ukweli: yuniti zilizoingia kutoka ukutani, zikizidishwa kwa 0.88, ndizo betri ilizopokea. Zigawanyeni kwa kilomita mlizotembea.

Kwa fedha, yuniti 6 za betri ni karibu 6.8 za ukutani. Tukikadiria shilingi 360 kwa yuniti pamoja na kodi, ni shilingi 2,450 kwa siku. Guta la petroli kwenye njia hiyo likila lita 3 kwa shilingi 3,000 ni 9,000. Tofauti ni nzuri, ila sehemu yake iwekwe kila mwezi kwa ajili ya betri. Kama nyumba itakayochajia ipo kwenye kundi la matumizi madogo, la yuniti 75 kwa mwezi, gari peke yake litaitoa huko.

Maji: osheni gari zima kwa pampu ya kuoshea, chini na pembeni, kisha liendesheni mara moja. Likikataa, afadhali likatae mbele ya muuzaji kuliko mwezi wa nne kwenye tope. Tairi ziwe za saizi inayouzwa Moshi, kama zile za kirikuu au guta, na namba za beringi ziandikwe. Beringi inayopatikana kila duka la spea itawaokoa siku nyingi za kusubiri.

Kadi ya gari itataja matumizi. Likisajiliwa la mizigo, kuweka viti na kutoza nauli kunahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya aina nyingine, kwa hiyo ulizeni bima kwa maandishi kabla ya kulipia bodi ya viti.

Kwenye mkataba, udhamini wa betri uandikwe kwa kiasi: mathalani, ikishuka chini ya asilimia 80 ya yuniti 7.7 ndani ya muda mliokubaliana, kwa kipimo cha mita ya ukutani, inabadilishwa. Ombeni nenosiri la kusoma BMS kwa simu, maana bila hilo kila hitilafu itabidi isubiri fundi kutoka Arusha. Gari likiwa limepumzika, seli zikiwa katikati ya chaji, tofauti kati ya seli ya juu na ya chini isizidi volti 0.05.

Mkilichukua, kazeni bolti zote upya kilomita 100 zikitimia na tena 500, kisha mpige mistari ya rangi upya. Dereva awe na daftari: kila Jumapili aandike kilomita za gari na yuniti za mita ya chaja. Matumizi yakitoka 0.11 kwa kilomita kwenda 0.14 bila njia wala mzigo kubadilika, angalieni kwanza upepo wa tairi, kisha muinue kila gurudumu kwa jeki na kulizungusha kwa mkono mjue ni breki ipi inayokwama.